Nani Kakunja Kitambaa Changu?

Jumatatu, 3 Machi

Dau limewekwa. Jana mezani, mbele ya shahidi. Naandika mapema kabla watu hawajaanza kugeuza maneno.

Mambo yako hivi. Mke wangu anaoka keki za kuuza. Jiko letu ni dogo na keki zimezidi. Kuna keki juu ya friji, keki juu ya redio, na wiki iliyopita niliikalia keki ya mahafali ya mtu. Sasa ameagiza tanuri kubwa na anatafuta pa kuliweka. Anataka gereji yangu. Yeye haiiti gereji. Anaiita banda.

Humo gerejini anaishi Shangazi. Shangazi ni gari. Nilimpa jina hilo kwa sababu ni mzee, ni mnene, anakohoa asubuhi, na akinuna habembelezeki. Hajatoka nje tangu mvua za mwaka juzi. Mke wangu anasema amekufa. Mimi nasema anapumzika.

Basi jana shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akasema kwamba gari langu ni kabati lenye magurudumu. Huja kila Jumapili kutusalimia na huondoka chakula kikiisha, na kila Jumapili hunichekea gari. Damu ikanichemka! Nikasimama, kijiko mkononi, nikatangaza: Jumamosi hii Shangazi atatoka gerejini kwa nguvu za injini yake mwenyewe. Akishindwa, tanuri liingie. Shemeji akajiteua mwamuzi huku mdomo umejaa. Mke wangu akatazama sahani yake, akasema sawa.

Sawa tu! Kwa nini alikubali upesi hivyo? Anayekubali upesi ana lake moyoni. Mimi niko kitengo cha malalamiko, ofisi ya maji. Nimesikiliza watu wakinidanganya kuhusu mabomba tangu ujana wangu. Pua yangu haikosei.

Jioni nimeanza kazi. Nimefungua kabureta, nimeisafisha kwa mswaki wa zamani. (Si wa zamani. Ni wangu. Nimegundua wakati wa kupiga mswaki.) Nimeirudisha mahali pake vizuri kabisa. Kimebaki kijipande cha shaba. Waliotengeneza gari hili walikuwa wabadhirifu, waliweka vitu vya ziada.

Nikiwa nimeinama chini ya boneti, nikasikia salamu kutoka ng'ambo ya barabara. Kanali. Geti lake linatazamana na letu. Hajawahi kuwa mwanajeshi. Tunamwita hivyo kwa sababu anatembea kama yuko gwaridani na anapiga pasi hata kitambaa cha kufutia gari. Gari lake analiogesha kwa sabuni ya watoto wachanga. Akauliza, jirani, Shangazi anaendeleaje? Kama anayeulizia mgonjwa wodini. Halafu akatabasamu.

Sikulipenda lile tabasamu. Huyu mtu aliwahi kuniomba nimuuzie taa za mbele za Shangazi. Anayeyataka macho ya shangazi yako, atamtakia heri kweli?

Jumanne, 4 Machi

Mtu kaingia gerejini!

Nimerudi kutoka kazini, nimefungua mlango, nimesimama palepale. Spana zangu zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Mimi huwa nazipanga kwa kuzirusha. Bisibisi imefutwa grisi. Na kitambaa changu, kile kilichokuwa fulana, kimekunjwa. Kimekunjwa! Pembe kwa pembe, kama leso ya bwana harusi. Katika maisha yangu yote sijawahi kukunja kitambaa.

Nikafungua boneti. Waya wa betri niliokuwa nimeufunga kwa mfuko wa nailoni sasa umefungwa kwa kibanio kipya. Bomba la radieta halivuji tena. Jana lilivuja vizuri tu, nilikuwa nimeweka bakuli.

Nani mjini hapa anakunja vitambaa? Sihitaji kutaja jina. Naandika tu kwamba anatembea kama yuko gwaridani.

Nikamwuliza mke wangu, kwa ujanja, kama leo alipata wageni. Akasema ni wateja wa keki tu. Alijibu kabla sijamaliza kuuliza. Nikasogea karibu, nikajifanya nambusu shavu, nikanusa.

Petroli.

Mke wangu, ambaye siku zote ananukia siagi na sukari, leo ananukia petroli. Nikamwambia. Akasema labda ni pua yangu, maana mimi ndiye ninayelala na gari. Jibu zuri. Zuri mno. Limeandaliwa hilo.

Nimefungua kibanio kipya na kuurudisha mfuko wa nailoni. Sitaki mapambo ya adui ndani ya gari langu. Bomba la radieta nimelilegeza kidogo, livuje kama lilivyozoea, ili nijue liko sawa.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Wahenga hawakuwekeana dau na mke wangu. Mimi ninazo mpaka Jumamosi.

Jumatano, 5 Machi

Mtego wa kwanza. Nimeusoma mahali fulani, au nimeuota.

Asubuhi kabla ya kwenda kazini nimechota unga wa ngano, nimeunyunyiza sakafu nzima ya gereji. Adui akikanyaga, anaacha alama ya kiatu. Nikifika jioni, napima alama, naenda kwa Kanali, naomba kuona kiatu chake. Kesi kwisha.

Ofisini sikuweza kufanya kazi. Bibi mmoja alilalamika kwamba bomba lake linatoa hewa badala ya maji. Nikamwuliza kama ana jirani na kama jirani huyo hutabasamu. Akaondoka kwenda kumtafuta mkubwa wangu.

Jioni nimefungua mlango. Sakafu imefagiwa. Safi! Unaweza kulia chakula pale chini. Adui ni mjanja, amefuta ushahidi.

Mke wangu akaniita jikoni kwa ile sauti yake ya kunyooka. Alikuwa na oda ya keki ya ghorofa na unga haukutosha, ghorofa ya juu ilibidi iwe ya mfano tu. Alitaka kujua unga umekwenda wapi. Akasema ameuona mwingine umemwagika bandani, akaufagia, na kwa maoni yake tumeingiliwa na panya. Akanitazama machoni alipotamka neno panya.

Ningesema nini? Nikakubali kwamba ni panya. Akanipa mtego wa panya niuweke gerejini. Nikauweka nyuma ya mkebe wa misumari. Baadaye nilihitaji msumari.

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Bado jambo zito zaidi. Nilipokuwa getini nakipuliza kidole changu, Kanali alivuka barabara kuja kunipa pole. Akakishika kidole, akakitazama, akashauri maji baridi. Alipoinama nikapata harufu yake. Vanila! Mwanamume mzima, mpenda magari, anayenukia grisi siku zote, leo ananukia vanila.

Mke wangu ananukia petroli. Kanali ananukia vanila. Sitaki kuandika ninachofikiria.

Chakula cha jioni hakikupita kooni. Nilirudia mara mbili tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewasikia kwa masikio yangu! Leo naandika kwa kirefu, mgongo ukiruhusu.

Niliaga kwenda kazini kama kawaida, mkoba mkononi. Nikazunguka mtaa, nikarudi kwa kunyata kupitia uani wakati mke wangu yuko jikoni anapiga mayai. Ofisini nilikuwa nimepeleka taarifa kwamba tumbo linanisumbua. Halikuwa likinisumbua wakati ule.

Mpango: kujificha ndani ya buti ya Shangazi, kuacha mfuniko wazi kidogo, kumwona adui waziwazi. Nikaingia. Nikakunja magoti, nikavuta mfuniko taratibu. Nilikuwa nimeutia grisi mwenyewe wiki iliyopita, kazi nzuri sana. Ulishuka wenyewe. Ukajifunga.

Giza. Tairi ya akiba mbavuni. Kitu chenye ncha chini ya goti. Nikajipa moyo kwamba masikio ni mashahidi bora kuliko macho, kwa kuwa hayadanganywi na tabasamu.

Baada ya muda, viatu. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kanali! Nyuma yake, ndara za mke wangu. Nazijua ndara zile, moja imekatika kamba.

Boneti ikafunguliwa. Kanali akaguna kama daktari. Akasema hiki kimewekwa kinyume. Mke wangu akauliza kama kinaweza kutolewa na kuwekwa kingine bila mwenyewe kujua. Kanali akacheka, akasema mwenyewe hatajua, kwake yeye chuma ni chuma.

Nilikaribia kuligonga paa kwa hasira! Nikajizuia.

Kisha mke wangu akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Tafadhali, mpaka Jumamosi asijue chochote. Akijua itamuuma sana."

Na Kanali akajibu: "Ni siri yangu na yako, dada."

Dada. Nakiri neno hilo lilinituliza. Kisha likanitia wasiwasi upya. Kwa nini mtu aseme dada mahali ambapo anadhani hakuna anayesikia?

Wakafanya kazi. Vyuma vililia, spana ikapita mkono hadi mkono, mke wangu anauliza cha kushika, anaambiwa, anashika. Anashika sawasawa! Mimi nikimwomba anishikie tochi huwa anamulika ukuta. Halafu nikasikia sahani. Wakala keki. Ya limau, niliijua kwa harufu iliyopenya kwenye matundu ya kutu. Mimi mwenye nyumba nimekunjwa kama shati sandukuni, adui anakula keki yangu ya limau na kuisifia.

Vumbi likaniingia puani. Nikaziba kwa mkono wa shati. Chafya ikatoka hata hivyo, nyembamba, kama ya mtoto wa paka. Kanali akasema humu kwenye buti kuna mnyama. Mke wangu akasema si nilisema kuna panya! Kanali akachukua spana, akaupiga mfuniko mapigo mazito ili panya akimbie.

Panya hakuwa na pa kukimbilia. Masikio yanalia mpaka sasa.

Walipoondoka nikasukuma kiti cha nyuma, nikatokea katikati yake kama kifaranga anayetoka kwenye yai, suruali ikabaki nusu. Nikangoja saa ya kurudi kutoka kazini, nikaingia kwa mlango wa mbele nikipiga mluzi. Mke wangu akanitoa utando wa buibui sikioni. Akauliza kama siku hizi ofisi ya maji tunafanyia kazi chini ya ardhi. Nikasema tulikuwa tunakagua bomba. Akainama, akatazama suruali, akasema bomba lenyewe lina meno.

Sasa najua yote. Kanali anatoa vyuma halisi vya Shangazi na kuweka vyake vya bandia. Anamla mzima mzima, kidogokidogo. Na mke wangu anamshikia spana, ili apate banda lake. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kimevaa aproni.

Ijumaa, 7 Machi

Mkubwa wangu aliuliza hali ya tumbo. Nikamwambia limehamia masikioni. Akaniambia niende nyumbani.

Mke wangu alikuwa amekwenda kupeleka keki. Gari la Kanali halikuwepo kwake. Uwanja ni wangu! Nikaingia gerejini, nikakaa nyuma ya usukani, nikageuza ufunguo, kujaribu tu.

Shangazi akawaka.

Mara ya kwanza! Bila kukohoa, bila moshi, bila mimi kumwomba wala kumtukana. Injini inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Nilikaa pale mikono kwenye usukani, na sitaficha, machozi yalinilengalenga. Kwa dakika moja hivi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani.

Halafu akili ikarudi.

Shangazi wangu hukohoa! Shangazi asiyekohoa ni nani? Na mtu anayetaka gereji yangu ana faida gani gari likiwaka? Hana. Kwa hiyo limewashwa makusudi. Wananilewesha. Nilale usingizi mzuri, kesho nisimame mbele ya shemeji nimetuna kifua, nigeuze ufunguo, halafu kile chuma cha bandia kikatike palepale, kwa wakati waliopanga. Gari linalowaka Ijumaa ni mtego wa Jumamosi!

Nimezima injini. Nikavua shati. Nimefanya kazi mchana kutwa kuliko nilivyowahi kufanya ofisini.

Kuvitambua vyuma vya adui ni rahisi. Vilivyo safi si vyangu. Nimetoa plagi zote. Nimetoa pampu ya mafuta. Nimeitoa kabureta iliyong'aa kama kikombe cha ushindi. Chini ya meza nikakuta boksi, na ndani yake vyuma vyangu vya asili, kila kimoja kimefungwa kwa gazeti kama yai. Ushahidi! Nimemfunulia kila kimoja Shangazi aone. Nimevirudisha vyote mahali pake, au jirani ya mahali pake.

Vyuma vya Kanali nimevitia kwenye ndoo, nikafunika kwa taulo, nikavuka barabara, nikaviacha barazani kwake. Mimi si mwizi. Cha mtu nakirudisha.

Jioni mke wangu alirudi akiimba. Hajaimba tangu tanuri liagizwe. Akaniuliza kama nina wasiwasi juu ya kesho. Nikasema hata kidogo. Akasema, vizuri, usiwe nao, akanibana shavu. Mkono ulinukia petroli na sukari ya unga kwa pamoja. Masikini! Hajui kwamba nimeshawazidi kete.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika yaliyotokea, yote, hata yale yasiyonipendeza.

Shemeji alifika mapema akaomba kifungua kinywa, maana mwamuzi haamui na njaa. Mke wangu alivaa gauni lake la buluu. Gauni la buluu, kwa ajili ya gereji! Milango ikafunguliwa wazi. Gereji yetu iko juu kidogo, na mbele yake njia inateremka moja kwa moja hadi getini. Geti nalo nililifungua, ili nitoke kwa fahari.

Kanali akaja mbio. Kanali huwa hakimbii. Ameshika ndoo, taulo bado juu yake, na uso umempauka. Akasema jirani, kuna jambo lazima nikueleze kabla hujageuza ufunguo. Nikainua mkono kama trafiki. Nikamwambia leo ni siku ya vitendo. Akamgeukia mke wangu, akaifunua ndoo. Mke wangu akachungulia, akaziba mdomo.

Nikafurahi! Nyuso za waliofumaniwa, nilidhani.

Nikaingia. Nikawapungia mkono. Nikageuza ufunguo.

Kh.

Nikageuza tena. Kh, kh. Shangazi akakohoa, yule wangu wa kweli, na kwa sekunde nikajivuna. Halafu akapiga chafya moja kubwa ya moto kupitia kabureta, moto na moshi mweusi vikapenya kwenye matundu ya kutu, vikaninyoa nyusi, na kikafuata kimya ambacho sijawahi kukisikia kwenye gari. Kimya cha mtu aliyemaliza maneno yake yote.

Mke wangu akaja dirishani. Akaniuliza kwa sauti ya chini nimegusa nini.

Nikashuka. Nikasema yote! Kitambaa, unga, vanila, buti. Nikasema nilikuwemo, nilisikia kila kitu, mimi ndiye panya. Nikamnyooshea kidole Kanali kwamba ni mwizi wa vyuma. Shemeji akaacha kutafuna. Sijawahi kumwona akiacha kutafuna.

Kanali akaweka ndoo chini. Akasema vile vilikuwa vyuma vya gari lake la zamani, alivyovitunza miaka mingi, na hakutaka kuviuza kwa mtu yeyote. Alivitoa kwa sababu mke wangu alikwenda kwake Jumapili ileile jioni akamwomba. Malipo yake yalikuwa keki.

Nikamgeukia mke wangu. Nikamwambia haiwezekani, wewe unataka gereji.

Akasema, "Banda ningelipata tu, baba watoto. Gari lingetoka likiwaka, lingekuwa barabarani na banda lingebaki tupu. Gari lingeshindwa, banda lingebaki tupu. Mimi nilitaka utoke nalo kichwa juu mbele ya kaka yangu. Kila Jumapili anakucheka mezani kwako, na mimi nimechoka."

Shemeji akatazama viatu vyake.

Mke wangu akaingia ndani, akarudi na sinia. Juu yake keki. Ni Shangazi! Shangazi mzima wa keki, boneti, taa, hata lile bonde la ubavuni alipogonga mti. Magurudumu ya chokoleti. Nyuma ya usukani kajitu kadogo ka sukari, kana kipara, mkono mmoja kameunyoosha nje ya dirisha kanapunga. Aliitengeneza ili tuikate Shangazi akishatoka.

Nilimtazama yule mtu wa sukari muda mrefu. Alionekana mtu mzuri. Nikahitaji kushika kitu, nikaliegemea gari.

Breki ya mkono niliirekebisha mwenyewe mwezi uliopita.

Shangazi akaanza kuondoka. Polepole kwanza, kama mgeni asiyetaka kuaga. Halafu haraka. Nikakimbia kando yake nikimwita kwa jina. Akashuka njia yote, akapita getini sawasawa bila kugusa nguzo hata moja, akavuka barabara tupu, akaingia kwenye bustani ya Kanali kupitia geti aliloliacha wazi na kusimama katikati ya maua, amelalia kichaka cha miiba kama mtu aliyefika nyumbani.

Nikapiga kelele. Ametoka! Mmeona wote, ametoka!

Shemeji akafikiri. Akasema ametoka kweli, lakini injini ilikuwa imelala, kwa hiyo kwa uamuzi wake banda ni la tanuri. Kisha akaanza kucheka. Hapo mke wangu akamwambia neno moja tu, kaka, na akaliondoa sinia la keki mbele yake. Shemeji akanyamaza mara moja. Kwa kweli alinyamaza kama redio iliyokatiwa umeme. Halafu mke wangu mwenyewe akacheka, mpaka akaketi chini na gauni lake la buluu, Kanali akacheka, na mimi, bila nyusi, nikacheka pia.

Kipande cha usukani nilipewa mimi.

Jumapili, 9 Machi

Siku njema. Pengine siku njema kuliko zote mwaka huu.

Asubuhi Kanali alivuka tena na ile ndoo. Nilimwomba radhi kwa maua yake. Akasema maua huota. Akavirudisha vyuma vyake vyote ndani ya Shangazi, mimi nikishika tochi. Shangazi akawaka mara ya kwanza. Tukamtoa bustanini akinguruma, tukazunguka mtaa, mke wangu kando yangu, Kanali nyuma ameketi wima kama mgeni wa heshima. Watu walisimama kutupungia. Nikatoa mkono nje ya dirisha.

Tukiwa njiani mke wangu akaniwekea mkono begani. Akaniuliza kama sasa nimejifunza kuwaamini watu. Nikasema kabisa. Nikasema somo limeingia na halitatoka. Nilimaanisha kila neno.

Mchana shemeji alikula bila kusema lolote kuhusu gari. Tanuri limeletwa, limeingia gerejini, limekaa vizuri. Nimeanza hata kuiita banda. Shangazi anakaa uani chini ya turubai.

Mambo machache tu nayaandika, kwa ajili ya kumbukumbu.

Kanali amekataa malipo. Nimemkaribisha chai, amekataa chai. Mtu asiyetaka hata chai anataka nini?

Alasiri nimemkuta na mke wangu na shemeji wamesimama pamoja jikoni. Watatu! Nilipoingia wakanyamaza. Shemeji akaanza kuzungumzia hali ya hewa. Shemeji hajawahi kuzungumzia kitu kisicholiwa.

Mke wangu amenunua maputo. Nimemwuliza ya nini, akasema ni ya mteja. Nimeuliza mteja gani, akasema yuko mmoja, mzee, msumbufu, simjui. Na Alhamisi wananitaka nisirudi nyumbani mapema, eti nipitie sokoni nimnunulie limau. Limau zipo! Nimezihesabu.

Nimetazama kalenda kama Alhamisi kuna lolote. Hakuna. Ni siku yangu ya kuzaliwa tu, haihusiani.

Kwa hiyo Alhamisi tumbo litaniuma tena, ofisini wajue. Boksi la tanuri bado liko bandani, na nimelijaribu. Naenea nikikunja magoti. Nimetoboa tundu la kuchungulia, na safari hii nimetumia akili: nitalifunga mwenyewe kwa gundi, kutoka ndani, ili asiwepo wa kunifungia.